Upande wa Kushoto wa Baba

Jumapili, 3 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja: sikio la kushoto la baba halisikii kabisa, na mimi ndiye niliyemsomea habari hiyo.

Ilikuwa Januari. Alisema ananipeleka kununua viatu vya shule, tukajikuta hospitali. Daktari wa masikio alimvisha vidude kichwani, akampigia vimlio, akampa barua. Ilikuwa kwa lugha ya shule, ambayo baba anaijua kwenye maboksi ya redio tu. Tukakaa kwenye benchi la nje, karibu na ndoo ya kudekia, nikamsomea. La kushoto limeharibika kwa ndani, halitarudi. La kulia ni zima. Awaombe watu wakae upande wake wa kulia.

"Soma tena," akasema, "labda umeruka mstari."

Nikasoma tena. Sikuwa nimeruka.

Baba ni fundi redio. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mama, siku akiwa na furaha. "Fundi redio asiyesikia ni kama kinyozi aliyefumba macho," akaniambia. "Nani atampa kichwa?" Kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hasa mama. Nikauliza kwa nini hasa mama. Akasema mama ndiye aliyemhudumia babu alipokuwa kiziwi, na alikuwa akimkatia nyama vipande vidogo kana kwamba meno nayo yameziba.

"Mimi sitaki kukatiwa nyama."

Viatu alininunulia kweli. Vinabana.

Jumanne, 5 Agosti

Tunasafiri! Miaka ishirini ya ndoa na hawajawahi kulala nje ya nyumba pamoja ila msibani. Mama ndiye aliyeamua. Tunakwenda nchi ya jirani, ile ambayo kila aliyefika hurudi akiisifia mpaka anachosha. Picha ya maporomoko yake iko kwenye kalenda yetu tangu mwaka juzi, mama kakataa itolewe. Siku nane, mabasi ya kawaida, vyumba vya bei ya chini, chai kwenye chupa. Mimi nabebwa kwa sababu wao huko wanazungumza lugha ya shule. "Mkalimani wetu," anasema baba. Mimi huyu, ambaye nikitumwa dukani na muuzaji asiponisikia mara ya kwanza narudi mikono mitupu.

Nilitaka kuishia hapo, ila jioni nilimsikia mama kwenye simu na mama mkubwa, dada yake. Alidhani niko bafuni.

"Nampa safari hii, dada. Kitandani namwongelesha ananipa mgongo. Mezani namwita anatazama sahani. Kama nimemchosha si aseme? Tukirudi na bado naongea na ukuta, nakuja kwako, na cherehani yangu nakuja nayo."

Cherehani ya mama haisogezwi hata kwa ajili ya kufagia. Kwa hiyo si hasira, ni mpango.

Na baba hulalia ubavu wa kulia. Sikio zima linazama ndani ya mto, lililobaki juu ni lile bovu. Mama si mtu wa kupayuka. Mambo yake ya siku nzima huyaweka mpaka akiwa kitandani, halafu huyasema chini chini, kwenye sikio lisilo na mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mayai ya kuchemsha kumi na manane. Baba kapakia bisibisi tatu. Mama: "Unakwenda kutalii au kutengeneza nchi ya watu?"

Jumapili, 10 Agosti

Nilitegemea mpaka uwe na kitu cha kuonekana. Ni geti, benchi, na ofisa mmoja anayepuliza muhuri kabla ya kugonga. Lakini ukivuka tu, udongo unabadilika rangi, na mvua nayo. Kwetu mvua huanza. Huku inafunguliwa.

Nimetazama kila kitu mpaka macho yamechoka. Mwanamke anauza viatu vya mguu mmoja mmoja, kiatu cha pili kiko ndani kisiibiwe. Kinyozi kalala kwenye kiti chake mwenyewe. Mlima wenye nyumba moja juu kabisa. Nikajiuliza anayesahau chumvi sokoni hufanya nini.

Nimetazama na wazazi wangu pia. Sijawahi kuwaona wakiwa watu wawili tu, bila mashine na wateja. Baba alikimbilia kiti cha dirishani mkono wa kushoto wa basi. Mama akafikiri anapenda dirisha. Mimi najua: akikaa hapo, kila mtu anabaki kulia kwake.

Na getini nikagundua jambo. Ofisa alimuuliza baba swali, baba akanigeukia, nikamrudia kwenye sikio zima, akajibu. Hakuna aliyeshangaa. Huku hata asiposikia, jibu ni moja: haelewi lugha. Nchi nzima inamfichia siri. Amekuwa mchangamfu, anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Januari.

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua kutwa. Tumecheza karata, mama katushinda wote. Baba kacheka kila utani wake, kwa sababu mama alikaa mbele yake, anamwona midomo.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi ya ukalimani ina dhambi zake, naziandika hapa.

Baba aligonga godoro la chumba chetu akasema, "Mwambie mwenye nyumba godoro hili limewahi kulaliwa na tembo." Mimi nikamwambia mwenye nyumba, kwa adabu zote, kwamba baba anaomba godoro jingine kama lipo. Likaletwa papo hapo. Baba akajisifu, "Umeona? Watu wanapenda kuambiwa ukweli."

Mchana tukapanda mtumbwi ziwani, watu wanane na mwongozaji mmoja anayejua majina ya ndege wote. Yeye anasema, mimi nainama kulia kwa baba narudia, baba anatikisa kichwa, anauliza, nauliza, narudia. Nilifurahi. Nilisahau kabisa kwamba nina aibu. Kuna ndege wa bluu ambaye jike lake halitui mpaka dume limsafishie tawi, na baba akataka kujua lisiposafishwa vizuri inakuwaje. Mtumbwi mzima ukacheka.

Mama akasema kutoka nyuma, "Na mimi? Au mimi nimekuja kama mzigo?"

Nikageuka nikamrudia yote. Akasikiliza, akatazama maji. Kisha akasema polepole, "Wewe akikusikia, anakusikia. Hebu nifundishe na mimi hiyo lugha unayotumia."

Nilijifanya natafuta ndege.

Jumatano, 13 Agosti

Nusura baba agongwe.

Tulikuwa tunavuka barabara ya soko. Pikipiki ikatokea kushoto imebeba kreti za soda. Mama alikuwa nyuma yetu, akaita, "Baba watoto! Baba watoto! Pikipiki!" Baba akasikia kelele, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mwenye sikio moja husikia mlio lakini hajui unatoka wapi. Akatazama kulia, ambako hakukuwa na kitu, akapiga hatua mbele. Nilimvuta shati. Kifungo kikaruka, pikipiki ikapita na chupa zake zinalia.

Mama akatufikia mbio. "Mara tatu! Mara tatu nakuita unatazama kwingine! Ama kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

Baba akaganda. Akanitazama mimi, macho yanauliza: umesema? Nikatikisa kichwa. Akapumua, kisha akafanya kosa kubwa kuliko lile la barabarani. Akacheka. "Mama watoto, pikipiki yenyewe ilikuwa inatembea kama inakwenda msibani."

Mama akageuka akatangulia njiani. Lakini tulipofika chumbani alitoa sindano akakishona kile kifungo, shati likiwa mwilini mwa baba. Alikata uzi kwa meno, karibu kabisa na kifua chake. Wote wawili walikuwa wamezuia pumzi. Nikajiuliza, mtu anaweza kumshonea kifungo mtu anayetaka kumwacha? Nimefikiri sana. Naona anaweza. Labda ndiyo maana anashona kwa nguvu vile.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumehamia mji wa milimani. Baridi. Chumba ni kimoja tu, mimi mwenye nyumba kanipa stoo ya mashuka, ukuta wa mbao nyembamba. Nanukia sabuni.

Ijumaa, 15 Agosti

Ngoja niandike yote kabla sijajishawishi kwamba hayakutokea.

Asubuhi tulikwenda kwenye maporomoko, yale ya kalenda. Kalenda haisemi kwamba maji yale yana mlio. Mlio unaingia tumboni, huwezi kujisikia ukiongea. Watu wote pale walikuwa viziwi. Wanaoneshana kwa mikono, wanavutana nguo. Na baba, sijui nieleze vipi, baba alikuwa sawa na kila mtu. Alimshika mama mkono akampeleka mpaka pale matone yanapofika, wakalowa, mama akamsukuma, baba akamsukuma. Nilisimama mbali na chupa ya chai kama mlinzi. Nilisema moyoni, imekwisha, cherehani haiendi popote.

Kurudi, basi lilijaa. Vilibaki viti viwili pamoja, na kimoja nyuma yao. Baba alitaka dirishani kama kawaida yake, lakini mama alishatangulia, amelowa, anataka aegemee kioo. Kwa hiyo mama akawa dirishani na baba njiani. Maana yake mama alikuwa kushoto kwake. Baba alinigeukia nusu. Nilimwona anatafuta namna. Ningeweza kusema, "Mama, naomba tubadilishane nafasi." Maneno manne. Kulikuwa na abiria wamesimama wananitazama, nikakaa.

Basi likaondoka. Mvua ikapiga bati. Mama akaegemeza kichwa begani kwa baba, akaanza kusema, chini chini kama anavyosema siku zote. Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa, uso wangu kwenye upenyo wa viti. Nimesikia kila neno, na sikupaswa.

Alisema, "Sikuja kwa ajili ya maporomoko. Nilitaka nione kama bado unanicheka nikipotea njia." Akanyamaza. Akasema, "Tunalala kitanda kimoja na bado nina hamu na wewe. Ni aibu, mwanamke mzima." Akanyamaza tena, muda mrefu zaidi. "Nijibu neno moja tu. Hata la kunigombeza."

Baba alikuwa anamenya yai.

Alilimenya taratibu, akikusanya maganda kwenye kiganja ili asichafue basi la watu. Akalikata mara mbili. Akampa mama nusu, bila kumtazama, akitabasamu mbele huko, mtu aliyeshinda vizuri na mkewe.

Mama aliinua kichwa kutoka begani. Akalipokea lile nusu yai. Hakulila. Alilishika mpaka tulipofika, saa nzima na robo, na kiini kikamvunjikia vidoleni.

Ningeweza kurudia. Kazi yangu si kurudia? Wiki nzima nimerudia habari za ndege, bei za vyumba, saa za mabasi. Lakini haya hayakuwa maneno ya mtu wa tatu. Ungeyabeba vipi? Ungemwambia baba yako sikioni, ndani ya basi, mkewe akisikia, "Mama anasema ana hamu na wewe"? Nilifumba macho nikajifanya nimelala. Huo ndio ukweli wangu. Baba hakusikia kwa sababu hawezi. Mimi niliyeweza nilijifanya sisikii.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama kanifuata nikianika soksi. "Keshokutwa tukifika stendi ya nyumbani, wewe na baba yako mtaendelea. Mimi nitapanda gari ya kwa mama mkubwa. Cherehani mtaniletea. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaagiza vitunguu.

"Mama, kwa nini?"

"Nimemuuliza, hakunijibu. Na kutojibu ni jibu, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Kiapo cha baba kikaukalia. Nikafunga.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya mwisho huku. Naandika nikiwa nimekaa juu ya marobota ya mashuka.

Sikulala vizuri. Kila mmoja kaniambia usimwambie mwenzako, na mimi nimejiona mwaminifu kwa wote. Zamani nilidhani kunyamaza ni adabu. Watu husifu: mtoto mtulivu, hana makuu. Leo asubuhi nikipiga mswaki nikajiona kwenye kioo na povu mdomoni, nikaona utulivu wangu kwa nusu ni woga tu. Halafu nikawaza kuhusu kiapo. Baba aliniapisha nisimwambie mama. Lakini maneno ya basini si siri ya baba. Yalisemwa kwake. Ni yake, yamechelewa tu kufika.

Mchana mama alikuwa chumbani anakunja nguo, za kwake kwenye mfuko wa peke yake. Baba alikuwa barazani na redio ya mwenye nyumba mapajani, kaifungua yote. Hakika zile bisibisi zimepata kazi. Mvua ilikuwa inaisha. Nikakaa kulia kwake.

"Baba, juzi kwenye basi mama alikuambia kitu."

"Lini? Mbona mimi sikumbuki."

"Alikuwa kushoto."

Mkono wenye bisibisi ukasimama.

Nikamwambia. Nilimtazama miguu, siyo uso, lakini nilimrudia neno kwa neno kama mkalimani anavyotakiwa, bila kulainisha hata moja: kupotea njia, kitanda kimoja, hamu, aibu, nijibu neno moja. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilipomaliza nikasikia matone yakidondoka kutoka paani, moja moja.

"Na mimi nilisema nini?" akauliza.

"Ulimpa nusu yai."

Alifunika uso kwa mkono mmoja. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Ametoa nguo zake kwenye begi letu," nikasema. Hilo sikuapishwa nisiseme, ni jambo la kuonekana kwa macho. "Kitandani unamlalia ubavu wa kulia, baba. Miezi saba anakuambia mambo yake, unampa mgongo wa sikio."

"Si ungeniambia mapema, mama?" Akinipenda huniita mama.

"Uliniapisha nisimwambie yeye. Nikajisahau, nikadhani na wewe umo."

Akakaa. Akazikusanya skrubu moja moja akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Fundi haachi skrubu hata nyumba ikiungua. Akanyanyuka, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Njoo unisaidie kusema."

Nilitaka kwenda. Mungu wangu, nilitaka, mara ya kwanza maishani nilitaka kusema mbele ya watu. Lakini nikatikisa kichwa. "Huko mnazungumza lugha moja, baba."

Akaenda. Nami nikaingia humu stoo.

Ukuta ni wa mbao nyembamba, nimeshasema. Mama hasikiki, sauti yake ni ileile ya chini. Baba naye, tangu Januari, akijaribu kunong'ona hupaza. Nimesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kama mtu aliye kwenye simu.

"HILI HALISIKII. HILI. TANGU MWAKA UANZE."

Kimya.

"HAPANA, SI NTA. LIMEKUFA."

Kimya. Kitu kikaanguka, nadhani mfuko.

"NILIOGOPA UTANIKATIA NYAMA."

Hapo nikasikia sauti ya mama, siyo maneno, sauti tu, inapanda. Alikuwa anamgombeza. Alimgombeza muda mrefu, bila kupumzika, na kwa sauti kubwa sasa, nikaanza kupata vipande: "miezi saba"... "naongea na mto"... "pikipiki, ungekufa, ningewaambia nini watu"... Sijawahi kufurahia mtu akigombezwa kiasi kile. Kila alipotua, baba alisema, "Ndiyo. Nimesikia. Ndiyo."

Halafu wakashusha sauti wote wawili, nisiwasikie tena. Kisha miguu ya kitanda ikaburuzwa sakafuni, ikakwama, mama akasema, "Inua upande wako, Fundi!" Ikaburuzwa tena. Ukuta wangu ukatikisika na shuka mbili zikaniangukia kichwani. Wanahamisha kitanda. Chumba cha watu, tunaondoka kesho alfajiri, na wanahamisha kitanda ili mama alale kulia kwa baba.

Sasa hivi mama kauliza jambo, na safari hii kalisema kwa sauti ya kufika: "Na yule mkalimani wako, alijua?"

Baba hajajibu. Amesikia, najua amesikia.

Mlango wao umefunguka. Kandambili. Ni mama peke yake, anatembea taratibu, kama mtu anayepanga cha kusema. Humu daftarini kuna maneno yake ya basini yote, hata kimya chake nimekiandika. Anigombeze kwa niliyoyanyamazia, sawa, nitamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Haya ya hamu asiyakute yameandikwa na mtoto. Nafunga daftari, naliingiza katikati ya mashuka, robota la tatu kutoka ch—